Vifaranga wa wiki nne wanapiga chafya: kabla hujanunua dawa

Swali: Shikamoo daktari. Nafuga hapa Uyole, Mbeya. Nina vifaranga chotara 150, leo wana siku 26, wako kwenye chumba cha mita 3 kwa 3. Chini nimeweka vumbi la mbao kutoka kwa fundi jirani, joto natumia jiko la mkaa lenye chungu juu yake, na kwa hii baridi ya Juni nimeziba madirisha yote kwa turubai. Siku ya 21 niliwapa chanjo ya pili ya kideri (Newcastle) kwenye maji. Juzi wakaanza kupiga chafya, kwanza wachache, sasa nasikia kila upande. Wanakula vizuri, hajafa hata mmoja tangu wiki ya kwanza, ila wachache macho yanatoa machozi. Jirani anasema niwape OTC (oksitetrasaiklini), muuza dawa anasema Tylosin, mama mkwe anasema pilipili na kitunguu saumu. Nianze na ipi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kwa leo usianze na yoyote kati ya hizo tatu. Hela ya dawa iweke kwanza, maana kwa maelezo yako naona kazi kubwa iko kwenye chumba chenyewe, na inaanza leo hii hii.

Chafya peke yake haina jina la ugonjwa. Ni pua na koo la hewa vinajaribu kutoa kitu kinachowasumbua, na kitu hicho kinaweza kuwa vumbi, hewa kali ya mavi, moshi, kirusi cha chanjo uliyowapa, au kweli ugonjwa. OTC na Tylosin zinapigana na baadhi ya bakteria tu. Vumbi haziliondoi, hewa mbaya haziigusi, na kirusi hazikiui. Ndiyo maana mtu anaweza kununua dawa tatu mfululizo, vifaranga wakaendelea kupiga chafya, akasema dawa za siku hizi ni feki.

Nianze na jambo ambalo huenda hukuliunganisha. Ulichanja siku ya 21, chafya zikaanza siku ya 24. Chanjo ya kideri inayotolewa kwenye maji ina kirusi hai kilichodhoofishwa, na kirusi hicho ili kiamshe kinga lazima kwanza kizaliane kidogo kwenye njia ya hewa ya kifaranga. Kwa hiyo kati ya siku ya tatu na ya tano baada ya chanjo, chafya nyepesi ni jambo la kawaida. Kifaranga anapiga chafya, anatikisa kichwa, kisha anarudi kwenye chakula kama hakuna kilichotokea. Huwa inachukua siku tatu hadi tano ikaisha yenyewe. Kama chanjo yako ilikuwa ile iliyochanganywa kideri na bronkaitisi ya kuku (ugonjwa mwingine wa kirusi wa njia ya hewa), chafya zinaweza kuwa na nguvu zaidi kidogo, lakini mwendo ni ule ule.

Hata hivyo ipo hali inayorefusha mambo. Chanjo ya maji haiwafikii wote sawasawa. Wenye nguvu wanakunywa sana, wadogo wanapata tone mbili. Wale waliokosa wanakuja kuambukizwa kirusi cha chanjo na wenzao siku kadhaa baadaye, nao wanaanza chafya zao wakati wa kwanza wameshapona. Ukisikiliza banda zima unaona kama ugonjwa hauishi, kumbe ni zamu. Kwa hiyo jiulize ulichanja vipi. Je, uliwanyima maji kwa saa moja au mbili kabla, ili wote waje na kiu? Vyombo vilitosha wanywe kwa pamoja? Maji yaliisha ndani ya saa mbili? Yalikuwa ya bomba yenye klorini? Klorini inaua kirusi cha chanjo, na ndiyo sababu tunashauri maji ya kisima safi, au kuchanganya maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa lita, kabla ya kutia chanjo.

Basi chanjo inaeleza kwa nini chafya zimeanza siku ile. Lakini macho yenye machozi yananipeleka kwingine, kwenye turubai lako.

Baridi ya Mbeya mwezi wa sita naijua. Usiku inashuka chini ya nyuzi 10, na mfugaji yeyote mwenye huruma ataziba kila tundu. Kinachofuata ni hiki: mavi ya kuku yana asidi ya yuriki, ambayo bakteria walioko kwenye matandiko yaliyolowa wanaivunja na kutoa amonia, ile hewa inayochoma pua. Chumba kikiwa na joto na unyevu, kazi hiyo inakwenda haraka. Kikiwa kimezibwa, hewa haina pa kutokea. Na kifaranga anaishi sentimita chache juu ya hayo matandiko, usiku na mchana, wakati wewe unaingia dakika tano umesimama wima.

Amonia inafanya mambo mawili. Inachoma macho, na ndiyo machozi unayoyaona. Ukitazama vizuri utamkuta kifaranga amefumba jicho moja, anajifuta kwenye bega, na manyoya ya bega yamelowa na kushikana uchafu. La pili halionekani ila ni baya zaidi. Ndani ya koo la hewa kuna vinyweleo vidogo mno ambavyo muda wote vinasukuma kamasi na vumbi kwenda juu. Amonia inavilemaza. Uchafu unabaki, na bakteria wa kawaida wa mavi, E. koli, wanateremka hadi kwenye mapafu na vifuko vya hewa. Hapo ndipo chafya ya chanjo, ambayo ingeisha kwa siku nne, inageuka kuwa ugonjwa wenye vifo. Ndiyo hatari ninayoiona kwenye banda lako kuliko nyingine yoyote, na bado unao muda wa kuizuia.

Kipimo hakihitaji mashine. Kesho alfajiri, kabla hujafungua chochote, ingia na uchuchumae mpaka uso wako uwe usawa wa vifaranga. Vuta pumzi kwa pua. Ukisikia ukali wa mkojo, au macho yakianza kuwasha, hewa hiyo imeshapita kiwango cha kuwaumiza. Fanya hivyo mara tu unapoingia, kwa sababu pua inazoea haraka na baada ya dakika chache hutasikia tena. Bora zaidi umwite mtu asiyeingia bandani kila siku, yeye atakwambia ukweli mlangoni.

Kisha chota matandiko chini ya vyombo vya maji na mengine katikati ya chumba, uyabane kwenye ngumi. Ukifungua kiganja yakabaki donge gumu, yamelowa mno. Yakimwagika kama unga na kupeperuka, yamekauka mno na yana vumbi. Yanayofaa hushikana kidogo halafu yanaachia. Nina shaka utakuta yote mawili kwenye chumba kimoja: donge chini ya maji, unga karibu na jiko.

Na hapa niseme wazi kuhusu lile vumbi la mbao. Kwa vifaranga halifai. Ni jepesi, linapanda hewani kila wanapokimbia, na wadogo kabisa wanalila wakidhani ni chakula. Tafuta maranda, yale makubwa yanayotoka kwenye randa la fundi, au pumba za mpunga, ambazo kwa ninyi mlio karibu na Usangu si shida kupata. Hakikisha ni kavu na hazina harufu ya ukungu. Matandiko yenye ukungu huleta fangasi ya mapafu, na hiyo mara nyingi haina chafya wala mkoromo. Kifaranga anahema kwa nguvu mdomo wazi, kimya, halafu anakufa. Hakuna dawa ya maana ya fangasi hiyo kwa mfugaji.

Jiko la mkaa nalo. Liwashiwe nje mpaka mkaa uwe mwekundu na moshi umekwisha, ndipo liingie ndani. Ila ujue kwamba hata mkaa usio na moshi unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo kwenye chumba kilichozibwa inaua kuku na inaua watu. Usilale humo na wala mtoto asilale humo, hata siku moja.

Ukishakagua hewa, sikiliza usiku. Mchana kuna kelele za kula na kukimbizana, husikii kitu. Nenda saa mbili au saa tatu usiku wakiwa wametulia, zima taa, simama kimya hadi waache kushtuka. Unachosikia kigawe. Chafya ni ile "chii" fupi, kavu, inayotoka puani. Hiyo inaendana na vumbi, amonia na chanjo. Mkoromo ni sauti yenye majimaji, kama mtu mwenye kifua kizito, inasikika kila anapovuta pumzi. Huo unaniambia kamasi limeshuka. Na kuhema mdomo wazi huku shingo imenyooshwa ni hatari bila kujali chanzo. Hesabu chafya unazosikia kwa dakika tano, andika. Kesho usiku saa ile ile, hesabu tena. Kwa banda la vifaranga 150 hesabu hiyo ya usiku mbili tatu itanisaidia kuliko picha kumi za simu.

Asubuhi kamata wanne au watano: wawili wenye machozi, wengine unaowaona wazima. Bonyeza taratibu pembeni ya pua. Kama hakitoki kitu, au kumeganda ukoko mkavu wa chakula na vumbi tu, vizuri. Kama linatoka kamasi zito, kumbuka rangi na harufu yake. Angalia chini ya macho kama kumevimba. Fungua mdomo kwenye mwanga wa jua, tazama ulimi na tundu la koo: madoa ya njano yanayong'ang'ania yanaelekeza kwenye ndui ya ndani ya mdomo. Mwisho mweke mgongo wake kwenye sikio lako, sikiliza pumzi chache. Kifaranga mzima hana sauti kabisa.

Umeniuliza dawa, kwa hiyo uyajue na magonjwa yenyewe, ili siku yakija uyatambue.

Kideri ndicho cha kuogopwa kwanza. Kinaanza na chafya na kuhema kwa shida, lakini hakiishii hapo. Ndani ya siku chache kuku wanadorora, wanashusha mbawa, wanaharisha kijani, baadhi wanapinda shingo au kupooza, na wanakufa wengi. Kwa kundi lililochanjwa nusunusu kinaweza kuja kwa upole kinachodanganya, kwa hiyo jicho lako liwe kwenye chakula. Pima kila siku kwa kopo lile lile. Vifaranga wa umri huu wanapaswa kula zaidi wiki hii kuliko iliyopita; siku ulaji ukisimama au kushuka huku chafya zinaongezeka, usisubiri kesho, mpigie afisa mifugo wa kata.

Mafua sugu, yanayoletwa na bakteria waitwao maikoplazima, ni tofauti kabisa. Yanakwenda polepole. Kuku anakula, ana kamasi, anakoroma, jicho lina povu pembeni, anadumaa, na wiki zinapita bila kupona wala kufa. Ugonjwa huu unapita kwenye yai kutoka kwa mama, kwa hiyo muulize aliyekuuzia vifaranga kama kuku wake wazazi wanapimwa, na kama wateja wengine wa totoleo lile wana shida hiyo. Mara nyingi unakaa kimya ndani ya kuku mpaka apate msukosuko, kama chanjo au amonia, ndipo unajitokeza. Kwa hiyo ukinirudia siku ya kumi baada ya chanjo ukaniambia chafya zimegeuka mkoromo, huo ndio nitakaoushuku kwanza.

Mafua ya kuku yale makali (koraiza) utayajua kwa uso. Uso unavimba, macho yanazibwa, kamasi lina harufu mbaya ambayo huwezi kuisahau, na kundi zima linapata ndani ya siku chache. Wakubwa ndio wanaopata zaidi, ila umri wa vifaranga wako hawajasalimika. Hukutaja uvimbe, kwa hiyo kwa sasa nayaweka pembeni.

Sasa OTC na Tylosin. Kwa mafua sugu Tylosin ina nafasi yake kweli, na OTC pia, lakini zinatuliza tu, hazimalizi maikoplazima. Kuku aliyepona anabaki na vimelea na anaweza kuambukiza kundi jipya. Kwa kideri hazisaidii kitu zaidi ya kuzuia bakteria wanaodandia. Ukianza kuwapa leo, chafya zikapungua keshokutwa, utaamini dawa imeponya, kumbe ni chanjo imemaliza muda wake, na kila baada ya chanjo utanunua dawa hiyo hiyo. Bakteria wa bandani mwako watajifunza kuishi nayo, na siku utakapoihitaji kwa haki haitafanya kazi. Hao ni bakteria wanaoweza kufika jikoni kwako. Nikija kukuandikia dawa, utaitoa kwa siku zote zilizoandikwa hata kama wamepona siku ya pili, hutaichanganya na maziwa kwa sababu kalsiamu inaishika OTC isifanye kazi, na utaheshimu siku za kusubiri zilizo kwenye lebo kabla ya kuuza au kula nyama.

Mama mkwe usimkatalie kwa ukali. Kitunguu saumu kidogo kwenye maji hakitawadhuru, ila kisichukue nafasi ya kazi ya kusafisha hewa, na usikiweke siku ya chanjo. Pilipili kuku hawausikii ukali wake kama sisi, wala haiui kirusi. Ninachokukataza kabisa ni kuweka mafuta ya taa au dawa za kupaka zenye harufu kali humo bandani eti wafunguke pua. Njia ya hewa iliyochubuka haihitaji kuchomwa tena.

Fanya hivi leo mchana, jua likiwa juu. Wahamishie vifaranga upande mmoja wa chumba, uwazuie kwa ubao au boksi. Toa matandiko yote ya upande wa pili kwa koleo, ukiyanyunyizia maji kidogo kwanza yasirushe vumbi, weka maranda makavu kimo cha sentimita 5 hadi 8, kisha wahamishe na umalizie upande uliobaki. Usimwage chokaa wakiwa ndani, vumbi lake linachoma. Vyombo vya maji vipandishe kwenye matofali au ubao mpaka ukingo wake uwe usawa wa mgongo wa kifaranga, watamwaga kidogo zaidi, na kila jioni toa sehemu iliyolowa chini yake hata kama ni kiganja kimoja.

Turubai lishushe kutoka juu. Watu wengi hapo ndipo wanapokosea, wanafungua chini kwa sababu ndiko turubai linakoning'inia huru, na baridi inawapiga vifaranga moja kwa moja. Wewe lifunge imara chini, na juu acha uwazi wa kiganja kimoja pande mbili zinazotazamana, usiku na mchana. Hewa ya joto yenye unyevu na amonia itatokea huko juu bila kuwapuliza. Watapoteza joto kidogo, ni kweli, lakini wana siku 26 na manyoya yameshaota. Nyuzi 24 hivi zinawatosha, na mchana wa jua jiko linaweza kuzimwa kabisa. Wakirundikana usiku, ongeza mkaa. Uwazi usiuzibe.

Na nafasi imeshakuwa finyu. Chumba cha mita 9 za mraba kiliwatosha walipokuwa wadogo, lakini kuanzia wiki ya nne panga vifaranga kama 10 kwa mita moja ya mraba. Una karibu 17. Ndani ya siku hizi chache watafutie chumba cha pili, au hata kona ya banda la wakubwa iliyozungushiwa, mradi wasichanganyike na kuku wakubwa wala kushirikiana nao vyombo.

Chakula chao pia kiangalie. Kama kimesagwa kikawa unga mtupu, utaona wanapiga chafya hasa wakiwa kwenye vyombo vya kulia, na ukoko umeganda juu ya pua. Kuna banda niliitwa Mbalizi ambako hilo ndilo lilikuwa jibu lote: chafya asubuhi na jioni wakati wa kula, usiku kimya kabisa. Kulowesha chakula kidogo kidogo, kinacholiwa papo hapo kikaisha, kulitosha mpaka walipopata chakula kilichosagwa kwa chenga.

Ikitokea mmoja akafa, usimtupe. Mfunge kwenye mifuko miwili ya nailoni, mweke kwenye boksi lenye barafu bila kumgandisha, na umpeleke siku hiyo hiyo kwa daktari wa mifugo aliye karibu, naye kama ataona kuna haja atapeleka sampuli kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari kilichoko Iringa. Akimpasua atatazama vifuko vya hewa, ambavyo kwa mzima viko angavu kama mfuko mwembamba wa nailoni. Vikiwa vimepoteza uangavu au vina povu, ndipo tutajua bakteria wamefika na dawa ipi inahitajika. Lakini wakifa wengi kwa ghafla, usipasue mwenyewe na usiuze hata mmoja. Funga banda, toa taarifa, nawa mikono na ubadilishe viatu kabla ya kwenda kwa jirani.

Limebaki la chanjo ya Gumboro (ugonjwa wa kirusi unaoshusha kinga ya vifaranga), maana kwa ratiba ya chanjo inakuja siku ya 28, yaani keshokutwa. Chanjo wanapewa kuku wazima. Kama keshokutwa asubuhi wanakula kama kawaida, wamechangamka, na hesabu yako ya usiku haijapanda, wape, kwa maji yaliyotayarishwa kama nilivyoeleza juu. Kama kuna mkoromo, au ulaji umeshuka, usiwape. Niandikie kwanza hesabu zote za usiku, kiasi cha chakula cha siku mbili, na ulichokiona kwenye pua ulipozibonyeza.